Hapana Kumi na Moja

Saa 2:10 asubuhi, Jumatano tarehe 4 Julai 2007, bomba la sindano lilikuwa tupu. Lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya meza ya Mkaguzi Msaidizi Agapiti Likwati, katika chumba cha upelelezi cha kituo cha polisi Nachingwea, na kisukumio chake kilikuwa kimefika chini kabisa. Lilikuwa bomba la mililita tano. Siku tisa kabla, Jumatatu tarehe 25 Juni, lilijazwa dawa ya usingizi ya mifugo, na dawa hiyo ikaishia kwenye mshipa wa shingo wa Harithi Nambute, mhudumu wa mifugo mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Mbekenyera. Alifikishwa hospitali akiwa hapumui tena.

Aliyelishika bomba hilo alijulikana. Watu wanne walimwona. Alikuwa Mohamedi Mchopa wa Matambarale, mwenzake kazini na shemeji yake, mume wa Mwamina, dada wa marehemu. Katika maelezo ya onyo alisema maneno machache: "Mkono ni wangu. Hakuna aliyenisukuma."

Sababu nayo ilipatikana upesi. Mohamedi alikuwa ngariba. Kila mwaka baada ya mavuno alitahiri watoto wa Matambarale na vijiji vya jirani, na mwezi Mei Harithi aliwapeleka wanawe wawili wakatahiriwe hospitali. Wahudumu wote waliyasikia majibizano ya mashemeji hao.

Agapiti ndiye aliyeandika hitimisho la jalada. "Sindano inaweza kuchoma kwa bahati mbaya," aliandika. "Dawa yote haiwezi kuingia kwa bahati mbaya. Kisukumio kinahitaji kidole gumba kilichokusudia." Sentensi ya mwisho aliipigia mstari. Mkuu wa upelelezi wa wilaya aliisoma na kusema jalada limekamilika. Kesi ilikuwa inarudi mahakamani Jumatatu. Shtaka lilikuwa kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa.

Koplo Faudhia aliingia na karatasi mbili.

"Afande, hebu soma hapa. Halafu na hapa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa maelezo ya Saturnini, mhudumu mkubwa kuliko wote kwa umri: *Nilimvuta Mohamedi mkono mara mbili kwa nguvu. Hakuachia.* Ya pili ilikuwa ya Silvanus, fundi wa mashine: *Nilipoona vurugu nilizima mashine. Mohamedi akaachia.*

"Haya tulishayasoma," Agapiti alisema.

"Tuliyasoma kila moja kwa siku yake. Hatukuyaweka pamoja." Faudhia aliyaweka pamoja mezani. "Mzee anamvuta kwa nguvu zake zote, mtu haachii. Silvanus yuko nyuma ya kioo, anabonyeza kitufe tu, mtu anaachia. Kama ni hasira, afande, hasira ilijuaje kwamba mashine imezimwa?"

Agapiti alizisoma tena karatasi zote mbili. Kisha akauchukua mfuko wenye bomba.

"Mwambie dereva awashe gari."

Kituo cha utafiti wa mifugo kilikuwa kilomita sita kutoka mjini, njia ya Naipingo. Walifika saa 3:25. Nyuma ya mazizi kulikuwa na kontena jeupe, na kando yake jenereta. Ndani ya kontena ilikuwamo mashine ya kupiga picha za ubongo wa mbuzi. Mradi ulikuwa unachunguza ugonjwa unaomfanya mbuzi azunguke mahali pamoja kutwa nzima mpaka afe. Chanzo chake ni uvimbe wa mnyoo ndani ya ubongo, na mashine iliweza kuuona uvimbe huo bila kupasua kichwa.

Dokta Doreen Mnali, daktari wa mifugo na msimamizi wa kituo, aliwapokea mlangoni. Alikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi, na hakuwatazama machoni.

"Nioneshe walivyokuwa wamesimama," Agapiti alisema.

Mashine ilikuwa kama pipa kubwa lililolazwa, wazi pande zote mbili. Mbuzi alilazwa kwenye ubao na kusukumwa ndani. Siku ile mbuzi aliamka katikati ya picha. Harithi aliinama kwenye mdomo wa pipa upande wa kushoto, akamkumbatia mbuzi. Mohamedi, upande wa kulia wa mdomo huohuo, aliingiza mkono wenye sindano ili kuongeza dawa pajani.

"Na mashine inaendelea kupiga picha?"

"Inaendelea."

"Utaratibu unasemaje mbuzi akiamka?"

"Kuzima kwanza. Hakuna mkono kuingia kabla ya kuzima." Dokta Doreen alivuta pumzi. "Lakini picha moja ni dakika arobaini. Ukizima unaanza upya, na dizeli tunapewa kwa lita. Tulizoea kumtuliza bila kuzima."

"Nani alizoea?"

"Sisi sote. Kwa ruhusa yangu."

Agapiti aliandika. Wahudumu walikuwa wameanza kukusanyika nje ya mlango, Saturnini akiwa mbele, mikono nyuma.

Wazo la kwanza la Agapiti lilikuwa jepesi. Sindano ni chuma, mashine ni sumaku, basi sumaku ilivuta sindano. Aliomba sindano mpya ya ukubwa uleule, akaifunga kwenye uzi wa pamba na kuiningʼiniza kwenye mdomo wa pipa, mahali ulipokuwa mkono wa Mohamedi. Uzi uliinama kidogo sana, kuelekea ndani.

"Shingo ya Harithi ilikuwa wapi?"

Faudhia alikuwa amekwishachora alama ya chaki kwa vipimo vya mashahidi. Ilikuwa nje ya sindano, sentimita kumi na nane kushoto.

"Inavuta kwenda ndani, na yeye alikuwa nje," Faudhia alisema. "Tena inavuta hata sasa, mashine ikiwa kimya. Haiachii."

"Sumaku hiyo haizimwi," Dokta Doreen alisema. "Ni ya kudumu. Usiku na mchana iko hivyo hivyo."

"Basi Silvanus anapobonyeza kitufe, anazima nini?"

Silvanus, kijana wa miaka ishirini na sita aliyesomea ufundi Dar es Salaam, alijibu kutoka nyuma ya kioo. "Kelele, afande. Pale hata ng'ombe wa zizini wanahama."

"Kelele inatoka wapi?"

Dokta Doreen ndiye aliyeeleza. Pembeni ya sumaku kubwa kulikuwa na koili za waya. Umeme ulipitishwa na kukatwa humo mara mamia kwa sekunde, na kila mara uga wa sumaku, ile nguvu inayoizunguka, uliongezeka upande mmoja na kupungua upande wa pili. Kwa njia hiyo mashine ilijua picha inatoka sehemu gani ya kichwa. Koili zilipotikisika zilipiga kelele.

"Na kiumbe aliye ndani, zinamfanya nini?"

"Uga unaobadilika haraka unazalisha umeme mdogo mwilini. Ukiwa na nguvu ya kutosha, umeme huo unaamsha neva. Msuli unajikunja wenyewe."

"Wa mbuzi?"

"Wa yeyote. Mashine za kupigia watu picha zimewekewa kikomo ili jambo hilo lisitokee. Hii ni ya wanyama. Mnyama amelala, hasikii kitu, kwa hiyo watengenezaji waliiachia nguvu zaidi ili picha iwe safi."

"Ni wapi nguvu hiyo inabadilika zaidi? Katikati ya pipa?"

"Karibu na mdomo."

Agapiti aliutazama mdomo wa pipa na alama ya chaki.

"Dokta, hukutuambia haya tarehe 25."

"Nililifikiria. Nikaliondoa, kwa sababu nina ushahidi kinyume chake." Alifungua kabati, akatoa faili la bluu. "Aprili tulipoanza, ofisi ya mradi ilitutumia dodoso la usalama. Kila anayeingiza mkono ajibu. Swali la nne: umewahi kuhisi msuli wa mkono au kidole ukijikunja wenyewe? Watu kumi na mmoja tumejibu. Hesabu mwenyewe."

Agapiti alihesabu. Hapana kumi na moja. Ya Harithi ilikuwamo, na ya Mohamedi. Ya mwisho ilikuwa ya Dokta Doreen mwenyewe. Kulikuwa na barua pia: ofisi ya mradi, kwa kuwa hakuna mhudumu aliyehisi chochote, iliruhusu nguvu ya koili ipandishwe kutoka asilimia sitini hadi tisini.

"Ilipandishwa lini?"

"Alhamisi, tarehe 21 Juni."

"Siku nne kabla ya kifo."

"Ndiyo."

Faili lile lilifunga njia. Watu kumi na mmoja, miezi miwili, hakuna aliyehisi kitu. Agapiti alilirudisha juu ya kabati.

"Nitaingiza mkono," alisema.

"Sishauri," Dokta Doreen alisema.

"Mtu anaweza kunyongwa kwa sentensi niliyoiandika mimi. Tutaanza na sitini."

Dokta Doreen alimuuliza maswali ambayo ilimpasa kuuliza. Una chuma mwilini? Risasi, kipande cha bomu, kifaa cha moyo? Alisema hana. Agapiti alivua saa, mkanda, pete na funguo, akamkabidhi Faudhia. Alizibwa masikio kwa pamba, akaambiwa kichwa na kifua vibaki nje. Faudhia alijaza maji bomba jipya la mililita tano, akalifungia sindano ya ukubwa uleule baada ya kuikata ncha kwa koleo. Mlangoni wahudumu walikuwa wamejaa.

"Afande, mashine ya mbuzi hiyo," Saturnini alisema. "Usije ukatoka unalia mee."

Walicheka. Agapiti alishika bomba kama lilivyoshikwa tarehe 25, kidole gumba juu ya kisukumio, akaingiza mkono.

Silvanus alibonyeza. Kelele zilianza, za haraka na kavu. Agapiti aliutazama mkono wake. Baada ya sekunde kumi kelele zilikoma.

"Vipi, afande?" Saturnini aliuliza kutoka mlangoni. "Kuna kitu?"

"Hapana," Agapiti alijibu. "Hakuna kitu."

Wahudumu waliitikia kwa vichwa. Faudhia alikuwa amelichukua bomba na kulisimamisha kwenye mwanga wa dirisha. Alilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yalikuwa tano. Sasa ni nne na nusu."

Agapiti alilichukua bomba akasoma mwenyewe. Nne na nusu. Shina la kidole chake gumba lilikuwa limejikunja mara tatu, au nne. Alilihisi kila mara. Hakuwa ameulizwa na mshtakiwa, wala na mkubwa wake wa kazi. Aliulizwa na mchunga mbuzi, mbele ya watu wanane asiowajua, na akasema uongo kabla hajafikiri.

"Koplo, andika," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Saa 4:40. Asilimia sitini. Mpimwa aliulizwa kama alihisi kitu akajibu hapana. Jibu hilo si kweli. Kidole kilijikunja na yeye alijua. Jina la mpimwa, Agapiti Likwati."

Faudhia aliandika. Sikio la Agapiti lilikuwa linawaka moto, au ilikuwa joto la kontena.

"Sasa tisini."

Kwa tisini hapakuwa na la kuuliza. Kelele zilipoanza, vidole vyake vilifumba, kidole gumba kikabana kisukumio, na kiganja kikajikunja kwa nguvu kuelekea nje, kushoto. Alijaribu kufumbua vidole, havikufumbuka. Maji yaliruka mpaka kwenye fulana ya Saturnini. Silvanus alipobonyeza kitufe, mkono ulifumbuka wenyewe na bomba likaanguka. Mashine ilikuwa imewaka sekunde nne. Bomba lilikuwa tupu. Kabla halijaanguka, ncha ya sindano ilisimama vidole viwili kutoka kwenye alama ya chaki.

"Noma," Silvanus alisema nyuma ya kioo.

Agapiti aliukanda mkono. "Dokta. Lile dodoso lilijazwaje? Nataka utaratibu, tangu mwanzo."

"Wengine hawasomi vizuri. Kwa hiyo niliwapanga mstari hapo mlangoni, nikasoma swali kwa sauti, kila mmoja akajibu kwa zamu, mimi nikaandika."

"Kwa sauti. Mbele ya wote."

"Mbele ya wote."

"Nani alijibu wa kwanza?"

Hakukuwa na haja ya kumtafuta. Saturnini alikuwa anaipangusa fulana yake iliyolowa.

"Mimi," alisema. "Nilisema hapana. Bwana afande, nina wajukuu. Hawa vijana wote wamepita jandoni, wengine wamekatwa na huyo huyo Mohamedi, na pale mtoto hapepesi hata jicho. Halafu mimi mtu mzima nianze kusema kamashine kameniminya kidole?"

"Ulihisi?"

Saturnini alitazama wenzake, kisha sakafu. "Niulize peke yangu."

Agapiti aliwauliza peke yao. Alikaa katika stoo ya dawa, mlango ukiwa umefungwa, akawaita mmoja mmoja. Kila mmoja alisomewa swali la nne kwa maneno yaleyale ya dodoso. Kazi hiyo ilichukua saa moja na nusu. Kati ya wahudumu wanane waliobaki, saba walisema ndiyo. Wa nane alikuwa hajawahi kuingiza mkono mashine ikiwa imewashwa. Aprili alisema hapana kwa sababu wenzake walisema hapana. Watatu walisema tangu tarehe 21 hali ilizidi. Mmoja alisema alikuwa akiuficha mkono mfukoni mpaka utulie, asionekane. Wote waliomba jambo moja: wenzao wasijue.

Dokta Doreen aliingia mwisho. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Swali la nne," Agapiti alisema.

"Ndiyo. Tangu wiki ya kwanza."

"Uliandika hapana."

"Wanaume kumi walikuwa wamesema hapana mbele yangu. Walikuwa wananitazama waone kama mwanamke ataweza kazi hii." Alikunja mikono ya koti. "Nikaandika hapana, nikasaini, nikatuma. Kwa karatasi zile wakatupandishia nguvu. Ofisi ile iko mbali, afande. Ilijua kile nilichowaambia mimi."

"Na tarehe 25, ulipoona mkono wa Mohamedi?"

"Nilijua kabla hajaachia."

"Mtu yuko mahabusu siku tisa."

Agapiti aliandika kwamba hakujibu, akamsogezea karatasi, naye akasaini. Saa 7:50 mchana kontena lilifungwa kwa kufuli ya polisi.

Mwamina alikuwa kwenye geti la kituo cha polisi walipofika, bakuli la chakula limefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa akija kila siku ya pili kutoka Matambarale. Alikuwa bado na kaniki ya msiba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Kuna jambo nitakuuliza. Harithi na mumeo, ugomvi wao ulikuwa wa kufikia wapi?"

"Ugomvi gani? Harithi alimwambia, shemeji, kisu chako kimezeeka. Mohamedi akamwambia, lete wanao nikioneshe kama kimezeeka. Wakala ugali sahani moja." Alilihamisha bakuli mkono wa pili. "Mimi nimefiwa na kaka, afande. Kule Mbekenyera ndugu zangu wananiambia namlisha muuaji. Matambarale wananiambia nisipomlisha mimi ni mke gani. Mnisaidie jibu moja, niwape wote."

"Leo jioni," Agapiti alisema, akapita.

Mohamedi Mchopa aliletwa chumba cha mahojiano saa 9:15 alasiri. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, kucha zimekatwa fupi. Alikaa, mikono juu ya meza.

"Nimetoka kwenye mashine," Agapiti alisema. "Nimeingiza mkono kwa tisini."

"Pole."

"Mkono wako ulijikunja wenyewe. Nina vipimo, nina mashahidi. Nataka maelezo yako mapya."

"Yangu ni yaleyale. Mkono ni wangu."

"Mohamedi, huelewi. Kwa maelezo yale utanyongwa."

"Naelewa." Alizungumza polepole, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa Kimwera. "Wewe ndiye huelewi. Mimi ni ngariba. Baba yangu alikuwa ngariba. Mtu ananiletea mtoto wake wa kiume mmoja, ananipa, anageuka pembeni. Ananipa kwa sababu gani? Kwa sababu ya mkono huu. Sasa wewe uandike karatasi, isomwe mahakamani, watu wamejaa, kwamba mkono wa Mchopa unafanya wenyewe."

"Afadhali wasikie umeua?"

"Aliyeua alikusudia. Mkono ulimtii."

Faudhia, aliyekaa pembeni, aliacha kuandika.

Agapiti alifungua jalada, akaligeuza ili Mohamedi aone. Alimwonesha karatasi ya saa 4:40, akaisoma kwa sauti, pamoja na jina la mwisho.

Mohamedi aliinua kichwa. "Wewe ulisema hapana?"

"Nilisema hapana."

"Mbele ya mzee Saturnini?"

"Mbele ya wote."

Mohamedi alicheka, cheko fupi lililoishia kwenye kikohozi. Kisha akauficha uso kwa viganja.

"Andika," Mohamedi alisema. "Mkono ulijikunja. Nilitaka kuuvuta nikashindwa. Nilikuwa naiona shingo ya shemeji yangu, na naona dawa inakwenda."

Agapiti aliandika, akasoma tena, Mohamedi akaitikia kila sentensi. Karatasi ilijaa. Kilichobaki kilikuwa saini, kisha barua kwa mwendesha mashtaka. Kwa karatasi hiyo shtaka la kuua kwa kukusudia lisingeweza kusimama, na kulikuwa na uwezekano mkubwa wa mtu huyu kulala nyumbani kwake Ijumaa. Agapiti alimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo.

Mohamedi alishika kalamu lakini hakusaini.

"Umeandika kama vile ilikuwa mara ya kwanza."

"Haikuwa?"

"Ijumaa tarehe 22 mkono ulijikunja mara moja. Jumamosi mara tatu. Jumamosi ile bomba lilimwaga dawa yote chini, nikasema limeteleza."

Agapiti aliweka mkono juu ya karatasi. "Subiri. Nakuonya tena kwa mujibu wa sheria. Hulazimiki kusema lolote zaidi. Ukisema ulijua, linakuja kosa jingine, kuua bila kukusudia. Kuna kifungo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na hutatoka Ijumaa."

"Jumapili," Mohamedi alisema, "nilituma mtu kwa wazazi wa watoto kumi na wanne wa Matambarale. Nikawaambia naumwa, watafute ngariba mwingine. Sikuwa naumwa. Niliogopa mkono wangu juu ya watoto wa watu. Jumatatu Dokta akauliza nani ataongeza dawa. Harithi akasema, mpeni shemeji, huyo mkono wake haujawahi kucheza. Akasema mbele ya wote, anacheka. Ilinipasa kukataa. Sikutaka waniulize kwa nini." Alimsogezea Agapiti kalamu. "Watoto niliwalinda. Yeye sikumlinda. Liandike hilo. Halafu mke wa Harithi na Mwamina wasomewe lote, si nusu."

Agapiti aliandika. Ilichukua karatasi ya pili na robo ya tatu. Chini ya maelezo hayo aliongeza aya moja yake mwenyewe: kwamba sentensi iliyopigiwa mstari katika hitimisho la tarehe 27 Juni haikuwa imejaribiwa wakati inaandikwa, na kwamba aliyeiandika ni yeye. Aliisaini kwanza, kisha akageuza karatasi upande wa pili wa meza.

Mohamedi Mchopa alisaini kurasa tatu saa 10:40 jioni, Koplo Faudhia akishuhudia. Saa 10:55 alirudishwa mahabusu.